Nilichoonja Sikukiandika

Ruiru,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana ni ndefu na najua huna subira ya kusoma umesimama. Miguu inaendeleaje? Ile ganzi ya vidoleni imepungua? Na sukari je? Mara ya mwisho kwenye simu uliniambia imepanda tena, ukasema, "Sielewi, mwanangu, mbona sili kitu." Maneno hayo yamenikaa kichwani wiki tatu sasa, na ndiyo yaliyonifanya ninunue karatasi. Kwa simu nisingeweza. Wewe simu unaiweka spika, na haya ninayokuandikia sitaki yafike kwa jirani.

Mimi ni mzima, ila nina hasira. Acha nikueleze, kwa sababu kuna jambo nilikuficha.

Mwezi wa pili nilienda kliniki moja hapa Ruiru kwa sababu ya kizunguzungu. Wakanipima damu, wakaniambia sukari yangu iko mpakani. Bado si ugonjwa, lakini umeshabisha hodi. Nikapandishwa kwenye mizani: kilo tisini na nne. Daktari akasema nikipunguza kilo nane huenda mambo yakarudi sawa, nisipopunguza nitaanza vidonge. Mama, nilitoka pale nikimwona Baba. Nilimwona alivyokuwa akishika ukuta kwenda chooni baada ya kukatwa mguu, na wewe ukijifanya unachagua mchele ili asijue unamtazama. Niliogopa sana. Nikasema mimi sitafika huko.

Wakanipeleka kwa mtaalamu wa lishe, anaitwa Madam Njeri, binti mdogo hata kuliko mdogo wangu Mkamburi. Akaniwekea kwenye simu programu ya kuandika kila ninachokula. Hiyo programu, Mama, haijawahi kufika huku Ruiru. Nikiandika githeri, mahindi na maharagwe tu, inaniletea supu ya nchi sijui gani. Mukimo, viazi vya kupondwa, haiujui kabisa. Ugali ikaniuliza ni wa aina gani, kana kwamba kuna aina. Kila jioni nilikuwa nikigombana na simu mpaka nikamwambia Madam Njeri aifute. Akanipa daftari la mistari. "Andika tu vile unajua," akasema. "Bora usiache kitu."

Nami sikuacha kitu. Unanijua. Kule kantini ya kiwanda ninakopika nilianza kupima ugali wangu kwenye mizani ya nyama, wafanyakazi wakipanga foleni wananicheka. Niliacha soda. Niliacha mandazi ya saa nne. Kwenye ruracio moja kule Ngoingwa, tulipopeleka mahari ya mpwa wa mwenzangu wa kazini, niliwakatalia akina mama sahani ya pili, na hapa ukimkatalia mwenye nyumba chakula ni kama umemwambia nyumba yake inanuka. Walininunia mpaka tulipoondoka. Nikaandika: sahani moja, pilau kidogo, kabichi, nyama vipande viwili. Nilijivunia lile daftari. Mwandiko wangu wa darasa la saba ulirudi.

Wiki kumi na nne. Kilo moja na nusu ikatoka, halafu ikarudi na kuja na mwenzake.

Siku ya kupimwa Madam Njeri alifungua daftari, akatazama mizani, akafungua daftari tena. Akasema taratibu, bila hata ubaya, "Wakesho, hii kitabu yako inasema unakula kama ndege. Lakini mizani inasema kitu ingine. Kuna kitu unanificha?"

"Sijakuficha chochote."

"Si lazima uniambie leo. Lakini ukidanganya hii kitabu, unajidanganya wewe."

Mama, mimi ni mwizi? Mimi ni mwongo? Miezi mitatu na zaidi nalala nikiota chapati, halafu mtoto wa juzi aniambie namdanganya! Nilitoka bila kuaga. Nilifika nyumbani nikalitupa daftari chini ya kitanda, nikalia kwa hasira, halafu nikaliokota kwa sababu nilikuwa sijaandika chai.

Basi Jumatano iliyofuata tuko jikoni, mimi na Wangari, yule ninayepika naye. Kanisa lao lilikuwa kwenye maombi ya kufunga. Nikamsogezea mwiko wa mchuzi kama kawaida, akarudi nyuma.

"Leo mimi sionji kitu. Niko kwa fasting mpaka jioni. Onja wewe."

"Kuonja si kula, Wangari."

"Haiya! Nani amekuambia? Pastor amesema hata kuonja ni kuvunja." Akaendelea kukata sukuma, kisha akasimamisha kisu. "Kwani wewe hiyo kuonja yako huwa huandiki?"

Nilicheka. Kisha nikaangalia kiganja changu, ninapodondoshea mchuzi wa kuonja, nao bado unateremka kuelekea kwenye kifundo cha mkono. Nilikuwa nishaulamba mara mbili asubuhi hiyo na sikukumbuka.

Kesho yake nikaingia na daftari jikoni. Nikasema nitaandika kila kitu, ili Madam Njeri aone kwamba hakuna kitu. Chai ya sufuria kubwa, kuonja sukari, nusu kikombe. Kuonja tena baada ya kuongeza maziwa, nusu kikombe. Chapati ya kwanza, ile isiyokubali kutoka vizuri na ambayo mpishi huila akiwa amesimama: moja nzima. Viazi viwili, kuona kama vimeiva. Mchuzi kwenye kiganja, mara sita. Maharagwe, vijiko sikuhesabu. Kipande cha nyama cha kuangalia ulaini, na kingine kwa sababu cha kwanza kilikuwa kigumu. Ukoko wa wali nikiukwangua. Saa sita mchana ukurasa ulikuwa umejaa pande zote mbili, na chakula changu cha mchana, kile nilichokuwa nikikipima kwa mizani kama dhahabu, kilikuwa bado hakijapakuliwa.

Nilikaa juu ya gunia la viazi. Sikujua nimkasirikie nani. Sikuwa nimedanganya, Mama, nakuapia. Kwangu kula ni kukaa chini na sahani. Ile nyingine ni kazi.

Nikasema basi, sionji tena. Siku moja tu nilijaribu. Maharagwe yalitoka na chumvi ya kutosha kumtibu mbuzi, msimamizi akaniita mbele ya watu akaniuliza kama nina mawazo nyumbani. Wangari akajaribu kunionjea, lakini ulimi wake ni wa kwao, hapendi viungo, na chakula kikapooza. Ndipo hasira zikanipanda upya. Kazi inayonilisha ndiyo inayonijaza, nami siwezi kuiacha. Nikiacha kuonja, sina kazi. Nikionja kama nilivyozoea, naenda alikokwenda Baba.

Sasa nimefika mahali pa katikati, na sipapendi. Naonja kwa ncha ya kijiko cha chai, mara moja kwa sufuria, na kila mara naweka alama kwenye daftari linaloning'inia kwenye msumari karibu na jiko. Chapati ya kwanza anaila Wangari siku asizofunga. Kiganja nimekifunga kitambaa, kwa sababu mkono huenda wenyewe.

Alhamisi ya wiki iliyofuata nilimpelekea Madam Njeri ule ukurasa. Aliusoma wote, akageuza, akasoma nyuma. Akasema, "Sasa hii ndio kitabu. Pole, Wakesho. Nilikuwa nimeuliza swali mbaya." Sikutaka kulia mbele yake lakini nililia. Kilo bado ni zile zile. Vidonge amemwomba daktari anisogezee mwezi mmoja mbele, basi, hana zaidi ya hapo cha kunipa. Sijui kama mwezi utatosha.

Sasa nakuja kwako, Mama, na usinikasirikie.

Kuonja kwa kiganja nilifundishwa na nani? Ni wewe, nyuma ya nyumba, nikiwa nimesimama juu ya kinu kilichopinduliwa ili nifikie sufuria. Ulisema kijiko huficha ladha. Mpaka leo hakuna arusi wala matanga hapo mtaani bila wewe jikoni, na kila alfajiri unakaanga mandazi ya kuuza, na lile la kwanza haliendi sokoni. Halafu unaiambia kliniki kwamba hukula kitu. Nakuamini. Nilisema vivyo hivyo, nami nilikuwa nikisema kweli.

Ndani ya bahasha kuna karatasi niliyoichora mistari, na penseli fupi. Siku moja tu, usimwambie mtu, andika kila kinachogusa ulimi wako tangu uwashe jiko. Kisha uipeleke kliniki. Nakala yake nitumie mimi, kwa mkono wako, si kwa simu.

Nisalimie kaka Mwadime, na umwambie lile paa la jiko naomba alitazame kabla ya mvua. Nisalimie shangazi Mghoi, mama yangu wa pili, na Mkamburi, ambaye sasa ndiye dada mkubwa hapo nyumbani. Kwenye kaburi la Baba nipalilie upande wa kichwani.

Karatasi ikijaa kabla ya saa sita, usiogope. Geuza nyuma uendelee. Mimi pia niligeuza.

Binti yako uliyemfundisha kuonja,
Wakesho