Kijumba cha Wageni Ulichokichora Juu ya Nguzo

Mwanangu Salim,

Mimi mama yako nakusalimu sana. Baba yako anakusalimu, kikohozi kimempungua. Dada yako Zuhura anakusalimu. Mkeo Mariamu anakusalimu, bado yumo edani, anakula kidogo. Mwanao ameota meno mawili, naye anakusalimu kwa kuuma watu.

Sisi ni wazima, ila mimi naona kinyaa. Sina neno lingine. Kinyaa, kama mtu aliyekunywa maji akaona mjusi chini ya kikombe.

Ni juu ya kile kijumba cha wageni ulichomchorea mzungu kule mteremkoni, chini ya Menengai. Ulikichora kwanza hapa uani kwa majivu, ukanipa birika nitembee ndani kama ninayempelekea mgeni chai. Nikakuuliza, "Sasa mvua ikishuka mlimani itapita wapi?" Ukacheka, "Kumbe fundi ni wewe, mama." Ukafuta yote kwa mguu, ukaanza upya. Nyumba ukaiinua juu ya nguzo za mawe, maji yapite chini yake.

Basi homa ilipokuchukua, kazi akapewa Fundi Athumani. Akasema nyumba yenye miguu ni ghala la mahindi. Akaziba chini kote kwa mawe na udongo, udongo wetu huu wa vumbi usioshika kitu. Mvua ya kwanza tu, maji yakakosa njia, yakala msingi. Ukuta umepasuka mpaka mkono unaingia. Nimekwenda, nimeuingiza wangu.

Na yeye anasema nini? Anasimama sokoni, "Marehemu ndiye aliyechora." Marehemu! Mtu aliyekaa mkekani kwetu siku ya arobaini yako, akala pilau, akaomba na ya mkewe, na mimi nikamfungia kwa mikono yangu. Kila nikikumbuka ule mdomo unavyong'aa mafuta, natema mate. Hata sasa nimetema, Mungu anisamehe.

Mzungu amekataza jina lako lisitajwe shambani kwake. Majirani wananionea huruma, na hiyo huruma yao nayo inanuka.

Sasa nisikilize. Chini ya godoro lako nimeikuta karatasi. Nguzo zote sita zipo, na chini ya sakafu umeandika, maji yapite hapa. Mariamu anasema nimpelekee mzungu aone. Baba yako anasema karatasi ikiingia ofisini haitoki. Na mimi, Salim, sina mwandiko wako mwingine. Mwanao naye hana. Siku tatu naikunjua, naikunja.

Nimeamua, Jumatatu naenda. Nitaishika ncha moja, asome akiwa upande wa pili, na hata akinifokea siiachii. Hiyo nakuahidi. Pumzika baba, Mungu akupanulie kaburi lako. Ila kama hutaki itoke nyumbani, nijie hata usingizini uniambie, na ufanye upesi, leo ni Ijumaa.

Mimi mama yako