Maoni ya penseli ya seremala

Shoga, uko? Usijibu, soma kwanza.

Unajua pale maktaba kila kitabu kina karatasi nyuma, ukimaliza kusoma unaandika maoni bila jina. Leo mkutubi katusomea, sisi wasomaji wa Jumamosi, yale yaliyomchekesha.

Akafika kwenye ile riwaya ya mke mwenye maneno mengi. Msomaji mmoja kaandika: "Mke huyu ni sawasawa na wangu, ila huyu ana ukurasa wa mwisho."

Ana ukurasa wa mwisho!

Watu hoi kwa kicheko. Na mimi nilicheka kuliko wote. Nikasema kwa sauti, "Maskini, mwanamume huyo anateseka!" Nimesema mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kitabu kikazungushwa, kikanifikia. Shoga, mwandiko wa penseli ya seremala, ile nene bapa. Na mwandiko wenyewe naujua, maana orodha zangu zote za sokoni huandikwa nao.

Ni mume wangu, huyuhuyu anayeniaga kila Alhamisi kwamba anaenda maktaba kusoma magazeti.

Nimekiazima kitabu, nimekiweka mezani chini ya gazeti lake, nimempakulia chakula, nimekaa kimya. Mimi, kimya! Hajamaliza hata nusu ya sahani, kashaniuliza mara tatu kama naumwa.

Subiri.

Ameinua gazeti.

Sasa anayeumwa ni yeye.