Tiketi ya Zhaoqing

Guangzhou, Ijumaa, 2009

Leo nimeingia stesheni kwa mlango wa mbele, kifua mbele! Wiki nzima pasi yangu ya kusafiria ilikuwa kwa watu wa viza, nami nikipita vichochoroni kukwepa polisi wanaosaka wageni wasio na pasi. Leo nimeipata. Polisi alipoidai, nilikuwa nimeshaitoa. Nikakata tiketi ya Zhaoqing, ule mji wa kale wenye ukuta.

Mama Neema, mfanyabiashara mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja, kashangaa. “Huko kuna viatu vya jumla?”

“Hakuna. Kuna ukuta.”

“Yaani upande treni ukaangalie ukuta?”

Ndiyo! Viza ijayo wakininyima sijui nitafanyaje, lakini kesho naenda.

Nimefunga mkoba: maji, maandazi na, kwa mazoea, kalkuleta ya kupatania bei.

Nimeitoa. Ukuta ule hauuzwi.