Kitambaa Chekundu cha Ngazi Mbovu

Shoga, hebu nisikilize.

Si unajua kazi yangu ya kukagua ngazi zote za stoo? Kila ngazi mbovu naifungia kitambaa chekundu ili mtu asiipande. Leo fundi rangi kakifungua, kajifutia jasho!

Nikamwambia, "Kaka, hiyo ina ufa." Akacheka: "Mama Vitambaa, wewe utaolewa na hizi ngazi."

Akapanda. Kipandio kikakatika! Nikamdaka, tukaanguka wote, yeye juu yangu.

Kajifutia jasho, shoga! Kitambaa changu!

Wenzake wakaja mbio, wakamnyanyua, "Pole kaka, pole," wakaenda naye kunywa chai. Mimi nimebaki nimekaa sakafuni palepale, katikati ya ngazi.

Hakuna hata mmoja aliyenipa pole. Nipe wewe basi.