Kayamba ya Mama Tabitha

Shiru, huyu mume wangu Haron amenimaliza! Unakumbuka ile kanda ya kwaya ya marehemu mamake, Tabitha? Aliiingiza kwenye kompyuta, akaibana sana ndiyo itoshee kwa simu, halafu akarekodi matangazo ya mpira juu ya kanda. Juu ya kanda yenyewe!

Kwenye simu, kayamba aliyokuwa akiitikisa mamake ikabaki kama maji yanayomwagika mbali. Basi akatafuta programu ya kurudisha zile sauti nyembamba za juu zilizopotea alipoibana. "Itarudi yote, Mama Njoki," akaniambia. Yote!

Leo kwenye ibada ya kumbukumbu Mutuini, akalifungulia kanisa zima wimbo huo. Woi! Kila "s" inachoma masikio. Shangazi yake akauliza kwa nguvu, "Haron, huyu ni Tabitha ama unakaanga mandazi?" Mandazi, mbele ya pasta!

Haron akajitetea ati programu hukisia kilichopotea kwa kusikiliza kilichobaki. Shangazi: "Zima. Sisi tuliimba naye."

Wakaimba wenyewe, wale wamama wazee wa kwaya yake. Walipofika mahali pa kayamba yake, wakanyamaza. Wakapaacha wazi hivyo hivyo, kisha wakaendelea.

Sasa Haron yuko hapa kando yangu, analia. "Hapo waliponyamaza," ananiambia, "ndipo nimemsikia."

Shiru, nilikuwa nimepanga kumgombeza hadi Ijumaa. Sasa nitaanzia wapi?