Mabibo ya Bure, Mnero

Mama mdogo mpendwa, shikamoo kutoka kwa dada, huku Mnero, Nachingwea! Joto la huku lingeivisha ndizi zako za pombe ya mbege kwa siku moja.

Leo nimemsaidia jirani yake dada, Mama Anastazia, kuokota mabibo, lile tunda linaloshikilia korosho. Anayakamua, kisha anaacha maji yake yachachuke mpaka yawe uraka, pombe ya hapa. Shamba si lake. Mimi kwa haraka zangu nikatupia ndooni bibo pamoja na korosho yake. Akanishika mkono. "Nyofoa korosho, iache hapo chini. Korosho ni ya mwenye shamba, bibo la mwokotaji. Ukiondoka na hata moja, mwakani siingii humu."

Nikamuuliza, mbona haongezi sukari apate pombe kali zaidi? Akacheka. "Sukari ya dukani itakula faida yote. Hii ya kwenye bibo imeshalipiwa na jua."

Jioni akaja mwenye shamba mwenyewe kununua uraka wa mabibo ya juzi, akalalamikia bei. "Si mabibo yangu haya haya niliyokupa bure?"

Mama Anastazia akamjazia kikombe mpaka juu. "Bibo ulinipa bure, baba. Mgongo wa kuinamia hukunipa."

Nikakukumbuka wewe na mapipa yako ya mbege, nasi watoto wako tukidai kikombe cha bure kila Krismasi. Mgongo unaendeleaje? Nikifika Marangu, kabla ya kuomba kikombe, nitaukanda.

Mwanao,
Neema