Gari Jekundu Lililofichwa Bandani

Mpendwa mshauri Ofelia, naomba msaada wako kabla sijammwagia kaka yangu birika zima la maji ya moto, maana huu ni mwezi wa sita natafuta gari, si ndege wala meli, gari tu, dogo, la mtumba, la kunifikisha Sarandí mara mbili kwa mwezi na kunirudisha nyumbani salama, na jambo hilo moja limeivuruga familia yangu kuliko hata ule mwaka wa mirathi.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na nne, nakaa hapa Durazno, nilikuwa mpishi wa shule mpaka nilipostaafu, na nina dada yangu mkubwa, Mabel, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, ambaye tangu Machi yuko kwenye nyumba ya wazee kule Sarandí alikoolewa binti yake, kwa sababu kumbukumbu zinamtoka kidogo kidogo, na mwanzoni nilikuwa nikimwendea kwa basi la Jumapili, kisha basi la Jumapili likafutwa, na siku za kazi mimi ndiye ninayelea wajukuu, ndipo nikajiambia, leseni ninayo, lori la marehemu mume wangu nimeliendesha miaka ishirini, nitanunua gari langu.

Kosa langu ni kwamba nililisema mezani, ukoo wote umekaa, nyama bado iko motoni. Kaka yetu Waldemar, aliyezaliwa kati yangu na Mabel, ana gari la mwaka arobaini na nane ambalo kila Jumamosi analisugua kuliko anavyojisugua mwenyewe, na yeye akaanza, "Mdogo wangu, magari ya siku hizi ni makopo ya sardini. Niachie mimi, nitakutafutia la chuma, la heshima." Mkwe wangu Yamandú, anayesambaza mikate, akamkatiza, "Mama, usimsikilize mjomba. Barabarani mwenye gari dogo ndiye anayepisha. Chukua pikapu, ya dizeli, milango minne." Nikamwuliza, niende kumwona Mabel na gari la kubebea ng'ombe? Akanijibu bila haya, "Ng'ombe nitabeba mimi, mama, siku ambazo wewe hulihitaji."

Tangu siku hiyo kila gari ninaloliona mimi ni baya. Mwezi wa Mei nililipata la muuguzi mstaafu mtaa wa pili, dogo, la kijivu, alikuwa akiliendesha kwenda kanisani na sokoni kila wiki, na daftari la matengenezo alilitunza tangu alinunue, mimi nikalipenda, lakini Waldemar akaja nami, akalizunguka, akalipiga tairi teke na kusema kwa sauti, "Hili ni gari la bibi kizee," mwenye gari akiwa amesimama hapohapo, na yule mama akatuangalia, akafunga geti lake taratibu, akaliuza wiki iliyofuata kwa mtu mwingine mwenye adabu.

Sasa mshauri, hapa ndipo ninapoona aibu. Mwezi wa Agosti nilichoka. Nikasikia kuna mzee mmoja mjane, Heber, anauza gari jekundu, nikaenda peke yangu bila kumwambia mtu, nikamkuta ameshaliondolea blanketi, linang'aa kama tufaha, amelitunza bandani miaka minne tangu mkewe afariki, limetembea kilomita elfu kumi na tisa tu, na injini ilikuwa inanguruma tayari kwa sababu, alisema, "Nimekupashia moto, binti, lisikusumbue." Binti! Mimi! Akanikaangia torta frita, yale maandazi yetu bapa ya siku za mvua, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, tukazungumza juu ya wafu wetu, nikala nne, nikanunua gari bila kuinama hata mara moja kuangalia chini yake. Nililiendesha mitaa kumi na miwili mpaka nyumbani nikiimba. Asubuhi halikuwaka. Mpaka leo halijawaka.

Ni wiki ya sita sasa liko kwenye banda la nyuma, nimelifunika mashuka mawili na kapeti, hakuna anayejua, na wakija kuniuliza nawaambia bado natafuta. Mchana wajukuu wakilala naenda kukaa ndani yake na chai yangu ya yerba, nashika usukani, halafu natoka. Na kila Jumamosi nikipiga simu Sarandí namwambia Mabel, kesho nakuja, na wiki iliyopita akamgeukia binti yake, nikamsikia vizuri kabisa akiuliza, "Yule mwanamke wa Jumapili, mbona haji tena?" Nikasema, Mabel, ni mimi. Akasema, "Msalimie ukimwona."

Jumamosi ijayo Waldemar anakuja kulisafisha banda, kwa sababu eti ameshanipatia gari. Nifanye nini? Ninunue gari gani? Na hili lililoko bandani nilifanyeje, na nitawaambia nini hawa wanaume wawili wasinicheke mpaka siku ya kuzikwa kwangu?

Zulma (jina ni langu kweli, gari nililoficha linatosha, sitaficha na jina).

*

Zulma, dada yangu, pole. Sasa kaa chini nikuseme.

Kabla sijawa mshauri wa watu nilikuwa karani wa gereji ya baba yangu kwa miaka kumi na minane, na wanunuzi wa aina yako walikuwa wakija kila Jumatatu, magari yao yamevutwa kwa kamba, nyuso zimewaiva. Mtu mwenye akili zako, uliyelisha watoto mia mbili kwa siku bila kuunguza wali, unanunuaje gari ambalo injini yake imewashwa kabla hujafika? Muuzaji anayekupashia moto injini anakuficha inavyowaka ikiwa baridi. Ungeweka kiganja juu ya boneti, ungesema, "Ahsante bwana Heber, nitarudi kesho likiwa baridi." Torta frita ungekula vilevile.

Hata hivyo simwiti mzee Heber tapeli. Naye huenda anaamini, kama unavyoamini wewe, kwamba gari lililolala ni gari lililotunzwa. Hapana. Gari ni kama goti: lisipokunjwa linakakamaa. Miaka minne bandani petroli inachacha, betri inakufa, mipira ya breki inakauka, matairi yanapasuka hata kama michoro yake bado haijafutika, na panya wanatafuna nyaya. Wewe unayetaka gari la kuendesha mara chache ndiye hasa usiyepaswa kununua gari lililokuwa likiendeshwa mara chache mno. Ulitaka lililozoea kazi, lenye mwenyewe mmoja anayejua tarehe aliyobadilisha oili. Ulitaka lile la kijivu la muuguzi. Ulilijua, ukaliona, ukakubali kaka yako alipige teke. Hilo limekwenda, tusilie.

Jekundu usiliuze bado. Na usimruhusu Waldemar afungue boneti. Anayesugua bodi kila wiki si lazima ajue injini. Mwite fundi asiye ndugu, asiye rafiki wa ndugu, ambaye hana gari la kukuuzia. Hapo Durazno muulizie Olga Techera, mama wa makamo mwenye gereji nyuma ya kituo cha treni. Mwambie nimekutuma, atanung'unika lakini atakuja. Kwanza alale chini na bisibisi, agongagonge chesisi. Bisibisi ikizama kwenye kutu, mazungumzo yameisha: liuze kama lilivyo, kwa kusema ukweli, na usile kitu nyumbani kwa muuzaji mwingine. Ikiwa chuma ni kizima, basi amwage petroli yote, asafishe tangi, abadilishe betri, mipira ya breki, mkanda wa injini, na matairi yote manne hata yakikuchekea. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne za wiki na mwaka lilipotengenezwa, zisome. Wewe wakati huo hakikisha kadi ya gari imeandikwa jina lako, siyo la marehemu mke wa Heber.

Likishindikana na ukatafuta jingine, tafuta la petroli, injini ya kawaida, la aina ambayo ukisimama kona yoyote ya mji wako unaona magari matatu kama hilo yakipita, ili spea usiagize Montevideo. Liwashe likiwa baridi. Lipandishe mlima. Shika breki ghafla mahali pasipo na mtu. Dizeli na pikapu mwachie Yamandú na ng'ombe wake. Na ukishalipata, kila wiki liendeshe nusu saa, hata kama huna pa kwenda. Kukaa ndani na chai hakuhesabiki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, na ambalo limenikasirisha kuliko gari.

Waldemar ana gari. Linatembea. Yamandú ana gari la mikate, na Jumapili hasambazi. Kutoka kwako mpaka Sarandí ni kama kilomita mia. Miezi sita wanaume wawili wenye usukani wamekaa mezani kwako wakibishana juu ya chuma na dizeli, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Panda, twende." Wewe nawe, kwa kiburi chako, hukuwaambia, "Nipelekeni." Mabel ni dada wa Waldemar pia. Katika barua yako yote, kurasa nne, sikuona popote kwamba Waldemar amewahi kwenda kumwona. Ninakosea? Sidhani. Dada yangu, huyo kaka hachagui gari. Anaogopa kufika kule akaulizwa yeye ni nani. Kila gari analolikataa linamwongezea wiki nyingine ya kutokwenda, na lile lako la bandani limekuwa likikufanyia wewe kazi hiyohiyo.

Fanya hivi. Jumamosi akija, fungua banda mwenyewe, vuta mashuka, mwache acheke mpaka aishiwe pumzi. Usijitetee. Akimaliza, mwambie, "Kesho saa mbili asubuhi unanipeleka kwa Mabel." Akisema gari alilokupatia, mwambie saa mbili. Akisema matairi, mwambie saa mbili. Akisema mvua, mwambie saa mbili. Jumapili yenyewe kaa kwenye gari lake, funga mlango, usishuke. Dada yenu hana muda wa kumsubiri Olga Techera amalize breki.

Ofelia Barboza

*

Zulma ametuandikia tena baada ya wiki tano, na kwa ruhusa yake tunachapisha.

Mama Ofelia, alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Nikamwambia saa mbili. Akasema radieta. Nikasema saa mbili. Asubuhi nilikaa ndani ya gari lake dakika arobaini na kikapu mapajani, yeye anazunguka na kitambaa anafuta mahali palipokwisha kufutwa, mwisho akaingia, tukaondoka. Mlangoni pa ile nyumba akanishika mkono. Nilikuwa sijashikwa mkono na Waldemar tangu tukiwa shule.

Mabel alimwona, akamwita kwa jina la baba yetu, akamkaripia kwa kuchelewa chakula. Waldemar akasema, "Nisamehe, njia ilikuwa ndefu." Kisha akatoka nje kusimama kidogo, akarudi, akammenyea machungwa mawili. Tangu hapo amenipeleka mara mbili bila kuambiwa.

Olga Techera alinung'unika kama ulivyosema. Bisibisi haikuzama. Panya walikuwa wameshakula nyaya za taa za nyuma, breki hazikuwa za kusemeka, na kazi ilichukua wiki tatu, lakini jekundu linawaka asubuhi likiwa baridi, nimeshalijaribu siku kumi mfululizo mpaka majirani wamelalamika. Yamandú amelikagua, akasema ni dogo. Nikamwambia apishe.

Jumapili iliyopita nililiendesha mwenyewe mpaka Sarandí, Waldemar kando yangu anakanyaga breki ambayo haipo upande wake. Tukamtoa Mabel nje kulitazama. Akalizunguka lote polepole, akapitisha kidole kwenye rangi, akainama akaangalia chini yake, jambo ambalo mimi nilishindwa. Kisha akauliza, "Anaendesha nani?"

Nikasema, "Mimi."

Akanitazama usoni muda mrefu.

"Zulma," akasema, "basi mimi nakaa nyuma."